Jembe la Siku ya Tatu

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ardhi iliyomwezesha mlowezi wa Kizungu kupata hati ya shamba kwa muda wa miaka 999. Hati za kabla yake zilikuwa za miaka 99, na walowezi walilalamika kuwa ni michache. Hebu mtazame mtu huyo: anateremka kwenye gari la kukokotwa na maksai chini ya Mlima Elgon, hajui jina la mto ulio mbele yake wala la watu wanaochota maji humo, na mfukoni ana karatasi inayomwahidi uenyeji hata baada ya mwaka 2900. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, mpango wa 1919 wa kuwagawia ardhi askari waliopigana uliwaleta wengi wa aina yake Trans Nzoia. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mji ukasimama: stesheni, maghala, maduka ya Wahindi, na klabu ya Wazungu ambayo, kwa simulizi za hapa, ilijengwa mahali ambapo misafara ya watumwa ilikuwa ikipumzika.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Tumemrudisha kwenye hesabu ya mwanzo, na ninaona tulifanya haki.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma na kazi yangu ya afya iko Kitale. Maisha yangu ya utu uzima nimeyapitisha karibu na watu waliotoka mbali: walimu wa kujitolea, masista, madaktari, wahandisi, vijana wa miradi ya kilimo. Nimewapokea wakija, na wengi nimewasindikiza wakirudi. Maisha yao husimuliwa kwa namna mbili tu, ama kama starehe ya watu wenye pesa ama kama sadaka ya watakatifu, na katika zote mbili siwaoni wale ninaowajua.

Sote tunaijua methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia kumkemea mgeni mvivu, na hapo tunamsahau mwenyeji. Anayetoa jembe ni mwenyeji. Asipolitoa, mgeni atabaki sebuleni mwaka hadi mwaka, akinywa chai na kusifiwa. Nimefikia kuamini kwamba hilo ndilo linalowaumiza wageni wengi wa Kitale na Bungoma, ingawa wao wenyewe, ukiwauliza, hutaja mambo mengine.

Hutaja bei: safari ya bodaboda ya shilingi 50 ikiwa 200 mara tu dereva anapoiona ngozi ya abiria. Hutaja watoto wanaowakimbilia wakiimba "mzungu, mzungu" kutoka Kiminini hadi Kamukuywa. Hutaja umeme unaopotea wingu la kwanza likijitokeza, na vibali. Kibali cha kukaa kina herufi yake. D ni ya aliyeajiriwa. I ni ya mmisionari na mtu wa shirika la hisani. K ni ya mwenye kipato chake anayetaka kuishi tu. Herufi hiyo ina mwisho wake, na mwisho ukifika, mtu aliyezalia hapa na kuzika marafiki hapa hungoja kwa wiki nyingi ajue kama ataendelea kulala kwenye kitanda chake. Sheria inamruhusu kuomba uraia akishakaa kihalali miaka saba. Ninaowajua waliojaribu ni wachache mno.

Furaha zao pia huzitaja, na nyingi ni za kweli kabisa. Baridi ya Kitale asubuhi ya Julai. Mlima Elgon ukionekana wote, wazi, kabla mawingu hayajaufunika. Parakachichi na maziwa ya jana jioni. Wapo wanaopenda Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, ambamo gari haliingii: unakwenda kwa miguu, unapanda jukwaa la mbao juu ya kinamasi, unanyamaza mpaka nzohe atokeze pua kati ya matete. Daktari mmoja alikuwa akienda huko kila alipofiwa na mgonjwa. Nilimfuata mara moja na sikumwuliza kitu.

Lakini tazama anavyokaa kati ya watu. Akiingia kanisani hupelekwa mbele. Akisema "Bwana asifiwe" kwa matamshi yake, waumini hupiga makofi. Akialikwa nyumbani, kuku wa kienyeji huchinjwa na firigisi huwekwa kwenye sahani yake, ingawa kwa desturi zetu ni ya mwenye heshima kubwa mezani, na yeye ni kijana wa juzi na baba mwenye boma ameketi pale pale. Mwaka wa kwanza hufurahi sana, na ana haki ya kufurahi. Kufikia mwaka wa tano huanza kugundua kwamba hajawahi kukosolewa. Mwalimu mmoja Mholanzi aliniambia kwamba kwa muda wote aliofundisha Bungoma hakuna aliyewahi kumwambia amechelewa. Na alikuwa akichelewa. Wenzake walipochelewa waliitwa ofisini kuandika maelezo. Yeye aliulizwa kama amelala vizuri. Aliondoka kabla ya mkataba kwisha. Kwenye sherehe ya kumuaga kila aliyesimama alimsifu, naye akalia, na sisi tukadhani analia kwa ajili ya sifa zetu.

Walowezi wa zamani jembe hawakulikosa, walilikataa. Waliwashikisha wengine. Mashamba ya Trans Nzoia yalilimwa na Wabukusu na watu wa makabila mengine waliohamia humo kama maskwota, wakitoa siku zao za kazi ili wapate kipande cha kulima na malisho ya ng'ombe wachache. Mgeni akajifanya mwenyeji, mwenyeji akageuzwa mpangaji. Elijah Masinde, aliyekuwa mchezaji hodari wa kandanda kabla ya kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, alisimama miaka ya 1940 na kusema Wazungu warudi kwao. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake pale Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde mwenyewe alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Kila nikipita Malakisi huwaza jambo hilo. Aliyetaka wageni waondoke ndiye aliyeondolewa, akafanywa mgeni kwenye kisiwa cha Waswahili, mbali na Mlima Elgon ulio mtakatifu kwa waumini wake.

Hata hivyo, katika nyakati zile zile wapo wageni waliolishika jembe. Marafiki, yaani Wakweka, waliokuja kutoka Marekani na kuanzia Kaimosi mwaka 1902, walifika mpaka Lugulu na Kamusinga, wakaacha hospitali na shule ambazo leo zinaendeshwa na watoto wa waliowapokea. Na Kenya sasa ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kanali Hugh Stoneham alikusanya vipepeo, ndege na vitabu kwenye makumbusho aliyoianzisha mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake wote, na makumbusho ya Kitale tunayoijua ikafunguliwa mwaka 1974. Alikuwa mtu wa klabu na wa enzi yake, lakini vitu vyake hakuvisafirisha Uingereza.

Anayenigusa zaidi ni Michael Harrison, kwa sababu kazi yake iko kwenye sufuria yangu. Mwingereza huyo alianza kuzalisha mahindi chotara katika kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1955. Mahindi yaliyokuwa yakilimwa hapa yalitokana na mbegu za walowezi, na yalikuwa yamezoeana mno. Kila yalipochanganywa yenyewe kwa yenyewe, tija haikupanda vya kutosha. Damu mpya ilitakiwa. Akaitafuta Amerika ya Kati na Kusini, kwenye nchi za milima zilizo karibu na ikweta kama yetu, na kati ya mbegu zilizoletwa ikapatikana moja ya Ecuador iliyoelewana na mahindi ya Kitale kuliko zote. Mwaka 1964 ikatolewa H611: mzazi mmoja wa Kitale, mzazi mmoja wa Ecuador. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya uhuru. Walowezi walikuwa wakiuza mashamba na kufunga virago, na mkulima wa ekari mbili, aliyeambiwa siku zote kwamba mbegu bora ni ya mwenye trekta, akaingia dukani akanunua mfuko ule ule. Mazao yake yakapanda. Vizazi vya mbegu hiyo, H614 na nduguze, ndivyo vinavyojaza maghala ya Kitale kila Desemba na ndivyo vinavyosomesha watoto wa Kwanza, Endebess na Cherangani. Mama yangu alikuwa akizitaja namba hizo kwa heshima, kama mtu anayetaja majina ya wakwe.

Nimekaa kwenye habari hiyo kwa sababu inaonyesha jembe ni nini hasa. Mtu yule alifanya kazi ambayo ingeweza kushindwa mbele ya macho ya watu. Mbegu isingeota, wakulima wangesema haijaota. Mkulima hampigii makofi mtafiti kwa ajili ya matamshi yake. Shirika la kukopesha wakulima mbegu na mbolea lililoanzishwa Bungoma mwaka 2006 na Mmarekani Andrew Youn, One Acre Fund, lilianza na familia zisizofika hamsini, na nadhani sehemu ya nguvu yake ilikuwa hiyo hiyo: ni mkopo, na mwenye mkopo ana sauti. Mtu aliyepewa msaada hushukuru. Anayelipa huuliza kwa nini mbolea imechelewa.

Mara moja nimeliona kwa macho yangu jembe likitolewa, kwenye matanga karibu na Webuye. Marehemu alikuwa mama wa mfanyakazi mwenzetu. Muuguzi wa kituo chetu, Mwairishi, alifika mapema, akaongozwa hadi kwenye hema la wageni na kuketishwa safu ya mbele, pamoja na chifu na wachungaji. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wameinamia masufuria, moshi wa kuni mbichi ukiwaingia machoni. Bibi mmoja wa ukoo alitoka huko, kisu mkononi, akaja mpaka hemani akasimama mbele yake.

"Wewe binti, marehemu alikuwa anakuita mtoto wake. Sasa mbona umekaa na wageni?"

"Nisamehe, kukhu. Niliambiwa nikae hapa."

"Aliyekuambia hajui. Inuka."

Akainuka. Alipewa gunia la kabichi, yeye na wenzake wawili, na alipoanza kukata vipande vinene alikemewa mbele ya watu, kwa sababu kabichi ya matanga hukatwa nyembamba ili itoshe. Baadaye mweka hazina wa kamati aliposoma michango ya wafanyakazi wa kituo, jina la Mwairishi lilikuwa katikati ya orodha na kiwango chake kilikuwa sawa na cha dereva. Tukirudi jioni alinionyesha malengelenge vidoleni. Akarudia maneno ya bibi, "aliyekuambia hajui", akayarudia tena, akicheka na kufuta machozi kwa mgongo wa mkono uliokuwa bado unanuka moshi. Tangu siku hiyo alianza kulalamika kama sisi: mchango umezidi, kikao kimechelewa, mbona zamu ya kupika imenirudia. Sikuwahi kumwona na furaha kama hiyo.

Isidhaniwe kwamba wanaokosa jembe ni wa ng'ambo tu. Pembeni mwa Kitale kuna mtaa wa Kipsongo, wanakoishi Waturkana waliofukuzwa na ukame na wizi wa mifugo. Hao ni raia, wana kitambulisho kama changu, na watoto wao wamezaliwa ndani ya mji huu. Bado tunawasema kama watu waliofika jana. Wao hawana hata kiti cha hemani wala firigisi; wamenyimwa siku mbili na wamenyimwa jembe, na mji unaojisifu kwa kupokea kila mtu unapaswa kuona aibu kwa hilo.

Safari ya upande wa pili imenifundisha zaidi. Binti wa Chwele au Kiminini anayekwenda kufanya kazi ya nyumbani Saudi Arabia hapewi siku mbili. Jembe hupokewa nalo uwanja wa ndege. Jirani yangu mmoja alikwenda kwa njia hiyo. Wakala alimwahidi familia ya watu wanne, akakuta nyumba ya ghorofa tatu. Pasipoti ilichukuliwa usiku wa kwanza. Kazi ilianza alfajiri hiyo hiyo kabla hajajua choo kiko wapi, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwuliza jina la mama yake. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri mmoja. Qatar ilifuta mwaka 2020 sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kubadili kazi. Saudi Arabia ililegeza masharti mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa kwenye mabadiliko hayo. Mgeni wa kwetu huteseka kwa sababu hakuna anayemgombeza, na binti yetu kule huteseka kwa sababu hakuna anayemkaribisha. Ukinitaka niseme mateso yapi ni makubwa sitasita hata kidogo. Sebule haijaua mtu. Nyumba za Ghuba zimerudisha majeneza.

Na bado wanaenda, kwa sababu zinazoeleweka. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, pesa nyingi kuliko zile tunazopata kwa chai yetu yote, Marekani ikiongoza na Saudi Arabia ikiwa miongoni mwa nchi za mbele. Sehemu ya pesa hizo naiona kwa macho: mabati mapya njiani kuelekea Chwele, karo iliyolipwa muhula ukianza, pikipiki ya kaka mtu. Kila bati nikiliona hujiuliza limegharimu usingizi kiasi gani.

Mkataba wa Saudi ulipokwisha, jirani yangu alipata kazi Muscat. Huko alikuta jambo ambalo hakuna wakala aliyemwambia. Bibi wa nyumba alikuwa mzaliwa wa Unguja, mmoja wa wale waliotawanyika baada ya mapinduzi ya 1964 na kukusanyika tena Oman kuanzia miaka ya 1970. Asubuhi ya kwanza alimwuliza, "Mwanangu, umelala salama?" Jirani yangu anasema alishika ukuta. Kiswahili, ambacho kwake kilikuwa somo la mtihani na sauti ya redio, kule kilikuwa lugha ya jikoni, ya kugombana, ya kuomboleza. Bibi hakukubali apotoshe neno. "Useme nipe kile, mwanangu. Nipatie hiyo kitu ni maneno gani?" Wakawa wanapika pamoja, wali wa nazi siku moja, ugali siku nyingine, na bibi akimsimulia mitaa ya Mji Mkongwe ambayo yeye jirani yangu, Mkenya, hajawahi kuiona. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa Saudi. Alikaa Muscat muda mrefu zaidi.

Alirudi Bungoma na masanduku mawili, na Bungoma ikamketisha sebuleni. Ndugu walikuja kwa zamu. Hakuna aliyemruhusu kuosha sahani. Kila alichosema kiliitikiwa, na kila aliyeondoka aliacha ombi: karo, dawa, nauli, kiwanja. Aliniambia kwamba usiku alikuwa akihisi yuko kwenye nyumba ya watu. Sikuwa na la kumjibu. Nimewaona wengi wakirudi hivyo, na wengine wameamua kuondoka tena kwa sababu hiyo tu, ingawa majirani husema ni tamaa ya pesa.

Yeye alinunua robo ekari karibu na Kiminini, kwa akiba aliyokuwa amemficha hata mama yake. Mvua za Machi zilipoanza alilima kwa mkono wake mwenyewe, akapanda mbegu ya Kitale kwa mistari iliyonyooka kama alivyofundishwa akiwa mtoto. Mahindi yalipofika magotini jirani wa upande wa chini akaja akifoka: mstari wa mwisho umevuka mpaka. Mzee wa kijiji akaitwa na kamba. Ikapimwa, watu wamesimama, kila mmoja ana maoni. Akaonekana amevuka hatua mbili, akaamriwa ang'oe. Aling'oa mistari miwili mizima mbele yao, na aliponisimulia alikuwa bado amekasirika, akisema kamba yenyewe ilikuwa imelegea na mwaka kesho atapanda mkonge kwenye mpaka mzima ili asisikie neno tena. Jirani huyo huyo amekwisha kumwandika kwenye kikundi chao cha kukodi mashine ya kupukuchua mahindi. Zamu yake ni ya pili, na mchango ni kabla ya Novemba.